Uzi Mwekundu wa Bibi wa Togwa

Ukimwamkia alikuwa hakuitikii hapo hapo. Unasema "Shikamoo, bibi," naye anainama kwanza juu ya ndoo, afungue kifuniko kidogo, avute pumzi kwa pua, afunike, ndipo aseme "Marahaba." Wageni walidhani ana majivuno. Sisi wa mtaani tulijua kwamba anamaliza kazi iliyo mbele yake kabla ya kushika nyingine, na salamu kwake ilikuwa kazi.

Tulimwita Bibi wa Togwa. Jina lake halisi nililisikia mara moja, kwa mtu wa kadi za kliniki, na sitaliandika hapa. Alikaa chumba cha nyuma katika nyumba ya zamani Mchafukoge, ile yenye korido ndefu na bomba la maji uani. Mimi nilipanga nyumba ya pili. Nafanya kazi Kariakoo kwenye duka la jumla la vitenge, nafunga mizigo ya wateja wa mikoani. Shule niliishia darasa la saba. Kuongea mbele za watu siwezi, hata kuomba chumvi kwa jirani huwa nafikiria kwanza.

Ulezi aliuloweka siku moja, akaufunika kwenye gunia bichi siku tatu, chini ya kitanda chake mwenyewe. Ukichipua aliuanika juu ya paa la choo, akausaga, hicho ndicho kimea. Halafu alipika uji mzito wa mahindi, akausubiri upoe mpaka kidole kivumilie, akatia kimea na kukoroga. Uji ule ulikuwa unalainika mbele ya macho yako na kuwa mtamu bila sukari. Hiyo ndiyo togwa, kinywaji cha mtoto, cha mgonjwa, cha mtu yeyote. Ukiiacha siku moja inachachuka. Ukiiacha zaidi, au ukiichanganya na machicha ya pombe hata kidogo, nayo inageuka pombe.

Na pombe pia alipika. Ilikuwa komoni, ya mahindi na ulezi, kwa ajili ya wazee wachache wa kusini waliokuja Jumamosi jioni kukaa uani kwake na kuongea lugha yao. Mwenyewe hakunywa. Aliionja, akaisukuma huku na huku mdomoni, akaitema. Mzee mmoja aliwahi kumtania, "Wewe mama, unatupikia kitu ambacho unakitema?" Akamjibu, "Fundi viatu naye anavaa viatu vyote anavyoshona?"

Kwa sababu alipika vyote viwili katika uwanja mmoja, alikuwa na sheria moja. Ndoo ya komoni ilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono wa kubebea. Ndoo ya togwa haikufungwa kitu. Ndoo iliyowahi kushika komoni haikurudi kwenye togwa milele, hata ukiiosha kwa maji ya moto mara saba. "Plastiki inakumbuka," alisema. Uzi aliufunga mwenyewe kwa fundo lake, fundo dogo la kuzungusha mara tatu, na hakumruhusu mtu mwingine afunge wala afungue.

Uzi huo ulikuwa jambo kubwa kuliko unavyoonekana. Ghorofani, juu ya chumba chake, ilikaa familia ya Kiarabu, na mama wa familia ile alishika dini sana. Mwezi wa Ramadhani, kila siku alasiri, alimtuma mwanawe na chupa ya chai ya maua mekundu ijazwe togwa ya kufuturu. Fikiria mwenyewe. Mwanamke Mkristo mpika pombe, na Mwislamu wa juu yake anafuturu kwa togwa yake. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza mara mbili. Chupa ilishuka tupu, ikapanda imejaa, kwa miaka.

Alikuwa mkali, nisije nikamfanya malaika. Kijana mmoja aliyeuza simu upande wa pili wa barabara alikuwa na spika kubwa mlangoni. Bibi alivuka barabara na mwiko mkononi.

"Wewe! Kimea changu kinaota, unanipigia makelele ya nini?"

"Bibi, kwani ulezi una masikio?"

"Unayo kuliko wewe. Punguza!"

"Sawa bibi, nimepunguza. Ukishaota unisalimie."

"Nitakusalimia kwa huu mwiko."

Spika ilipungua siku tatu, ikarudi juu siku ya nne, kijana amekwisha kujifunza hesabu ya kimea. Tangu hapo alikuwa anamuuliza kwa mbali, "Bibi, leo wamelala au wameamka?" naye anajibu kwa kidole, kimoja, viwili au vitatu.

Kuhusu mbio zetu alikuwa na maneno. Tuna klabu ya mbio mtaani. Kila Jumapili alfajiri tunakusanyika Mnazi Mmoja, tunakimbia tukiimba, tunazunguka barabara zikiwa bado tupu na kurudi Mchafukoge jua likiwa limetoka. Mwenyekiti wetu ni muuza mapazia, Mwislamu, mtu mpole mwenye tumbo ambalo mbio hazijaliondoa. Bibi alituona mara ya kwanza akapiga makofi kwa mshangao. "Nani kawakimbiza? Watu wazima mnakimbia na hakuna aliyeiba!" Wiki iliyofuata alikuwa amekaa pembeni ya barabara juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nyingine mbili mbele yake zimejaa togwa.

Hakumpa kikombe mtu anayehema. "Tulia kwanza. Jasho likauke." Ulikaa chini kama mtoto, ukisubiri zamu. Akawa anasikiliza pumzi zetu, na kwa pumzi tu alijua nani alikata njia kwa uchochoro. "Wewe hujakimbia leo," alimwambia Mwenyekiti mbele ya wote. "Umepanda bajaji." Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Mwenyekiti alikiri. Alikuwa kweli amepanda bajaji.

Na yeye aliyetucheka, siku moja alikimbia. Ilikuwa Jumapili kina mama walikimbia peke yao. Walipopita mbele yake alivua kandambili, akajifunga kanga kiunoni, akaingia kati yao hatua kama mia mbili. Aliporudi kwenye ndoo yake tulikuwa tumesimama tunampigia makofi. "Nyamazeni," alisema, akihema. "Nimekwenda kuchukua deni la kikombe." Hakuna aliyekuwa na deni.

Mimi aliniita Bubu. Sikuchukia. Aliwaambia wengine, "Huyu maneno anayanunua, ndiyo maana anayatunza." Lakini siku moja nilimsikia akimwambia mama wa ghorofani kitu kingine. Mama yule alimuuliza kwa nini ananiamini mimi kuniachia mlango wa chumba wazi. Bibi akajibu, "Huyu hasemi. Na mtu asiyesema atadanganya kwa kutumia nini?"

Nililichukua neno lile kama zawadi. Nilitembea nalo Kariakoo nzima siku ile, kichwa juu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka.

Klabu iliandaa bonanza Kigamboni. Mbio za ufukweni, mpira, kuvuta kamba, na familia zote zilialikwa, hata mama wa ghorofani na wanawe wawili. Bibi aliombwa togwa ndoo mbili. Jumamosi jioni aliniita nizibebe nikazilaze kwangu, maana pantoni ya asubuhi ilikuwa ya mapema na mimi ndiye niliyekuwa na nguvu. Alizionja mbele yangu, akaweka sikio kwenye kifuniko. Hiyo ilikuwa kawaida yake. Alisema togwa hunyamaza na pombe huongea, na ukisogeza sikio utaisikia ikinong'ona mapovu. "Zimenyamaza," alisema. "Beba." Akaingia chumbani kuwapangia wazee wake vikombe.

Ndoo ya kwanza niliifikisha salama. Ya pili iliniponyoka kwenye ngazi ya korido, pale panapokuwa na maji siku zote. Haikumwagika, kifuniko kilishika. Lakini chini ilipata ufa na togwa ikaanza kutoka kama machozi.

Ningeweza kuita. Alikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa. Nilimsikia akiimba kwa sauti ndogo. Sikuita. Niliona aibu ya kuivunja ndoo yake, aibu ndogo kabisa, ya kitu kinachouzwa kila duka la mtaa ule. Kando ya bomba kulikuwa na ndoo imepinduliwa, imeoshwa, imekauka. Kwenye mkono wake kulikuwa na uzi mwekundu.

Niliisuuza mara moja. Niliinusa, sikusikia kitu, maana pua yangu si yake. Nikamimina togwa. Kisha nikatoa mfukoni kiwembe changu cha kazini, kile cha kukatia kamba za mizigo, nikaukata uzi na kuutia mfukoni. Ndoo yenye ufa niliipeleka dampo nikaifukia chini ya maboksi. Nilijisemea kwamba ni ndoo tu. Nilijisemea kwamba mambo ya plastiki kukumbuka ni ya wazee.

Kesho yake bahari ilikuwa shwari, watu wana furaha. Tulikimbia kwenye mchanga, Mwenyekiti akaanguka mara mbili, timu ya wenye ndoa ikavutwa kwa kamba mpaka majini. Jua lilipokuwa kali wote walikuja kwenye togwa. Ndoo ya kwanza ilifunguliwa na vikombe kadhaa vikatoka. Ya pili, kifuniko kiliruka chenyewe. Kililia pa! na povu likafuata.

Mwanzoni watu walicheka. Mmoja wa wakimbiaji alionja akasema, "Oya, hii si togwa, hii inajitegemea!" Lakini wakati anasema hivyo Mwenyekiti alikuwa amekwisha kumeza nusu kikombe, na mtoto mdogo wa mama wa ghorofani alikuwa na kikombe mdomoni. Mama yule alikipiga kikombe kikaruka. Kisha akamgeuza mtoto akampigapiga mgongoni kama aliyepaliwa. Mtoto alikuwa analia bila kujua kosa lake. Mwenyekiti alikwenda mpaka kwenye mawimbi, akachota maji ya chumvi kwa mikono akasukutua, akachota tena.

Bibi, aliyekuwa amekaa kivulini, alisogea. Watu walimpisha. Aliweka sikio kwenye ndoo. Alimwaga tone nyuma ya kiganja chake akalinusa, akalilamba.

"Hii ina komoni ndani," alisema.

Kisha alitafuta uzi. Aliizungusha ndoo ile mara mbili, akapitisha vidole kwenye mkono wote wa ndoo, huku na huku. Mimi nilikuwa nimesimama kama kutoka hapa mpaka mlangoni. Uzi ulikuwa kwenye mfuko wa suruali niliyoivaa.

Mwenyekiti alirudi na ndevu zinachuruzika. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Bibi," alisema, "sisi tulikuamini."

Bibi aliitazama mikono yake, upande wa juu, halafu upande wa viganja.

"Ni mimi," alisema. "Nimetia kwenye ndoo ya komoni na uzi sikufunga. Mkono umekosea."

"Labda aliyebeba..." mtu mmoja alianza.

"Aliyebeba kabeba nilichompa," alisema Bibi. "Bubu msimguse."

Hapo ndipo mlango wa mwisho ulipofunguliwa, nami sikupita. Wote walinitazama. Nilitazama mchanga. Walichukulia kama siku zote, kwamba mimi siongei.

Alizimwaga ndoo zote mbili, hata ile nzima. Mtu alimwambia hii nyingine haina tatizo. Akasema, "Kama moja nimekosea, ya pili nani ataiamini?" Mchanga ulinywa yote. Kwenye pantoni ya kurudi alikaa peke yake na ndoo tupu zimepandana miguuni. Nilisimama upande mwingine, karibu na pikipiki.

Chupa ya maua mekundu haikushuka tena. Mama wa ghorofani hakumtukana wala hakumsema, alimsalimia kwa heshima kwenye ngazi, basi. Jumapili tukawa tunakunywa maji ya chupa. Bibi alikaa juu ya ndoo yake wiki mbili bila mnunuzi, wiki ya tatu hakuja. Mwezi uliofuata binti yake alikuja na kirikuu wakapakia kitanda, masufuria na magunia. Mimi ndiye niliyefunga mizigo ile. Kufunga mizigo najua. Aliniambia, "Ahsante, Bubu. Wewe hujanibadilikia."

Miaka miwili ilipita. Uzi ule niliuweka kwenye kopo la vifungo. Nilihama chumba mara moja, nikahama nao.

Mwaka huu binti yake alikuja dukani kwetu kuchukua vitenge. Nilimjua, naye akanijua. Nilimuuliza Bibi hajambo. "Mzima wa mwili," alisema. "Ila hapiki tena. Hata togwa ya wajukuu hapiki. Anasema pua imekufa tangu ile siku. Siku hizi hata mboga anauliza imeungua au haijaungua."

Nilimfungia mzigo wake vibaya, ikabidi nifungue na kuanza upya.

Jumapili sikwenda mbioni. Nilikwenda Magogoni, nikavuka kwa pantoni mpaka alikonielekeza binti yake. Nyumba ya binti yake ni ya tofali, haijapigwa lipu, ina kibaraza cha saruji. Bibi alikuwa amekaa pale na bakuli la maziwa mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Aliitikia hapo hapo, bila kuinama, bila kunusa chochote. Ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichofanya. "Nani? Bubu! Kaa, mjukuu wangu. Umefika wakati mzuri. Hebu ninusie haya maziwa, yamechacha? Watoto wametoka na mimi siamini tena hii pua."

Alininyooshea bakuli. Nililishika. Sikulinusa.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalitoka machache. "Bibi, ile ndoo ni mimi. Yako ilipasuka kwenye ngazi. Nilimimina kwenye ya komoni. Nilikata uzi."

Nilitoa uzi mfukoni nikauweka kwenye goti lake. Ulikuwa umefifia, lakini fundo lilikuwa pale pale, limezungushwa mara tatu. Nilikuwa nimekata pembeni yake. Alilipapasa kwa kidole gumba muda mrefu.

"Fundo langu," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo nilifunga."

"Ulifunga."

"Ile ndoo iliyopasuka uliitupa wapi?"

"Dampo."

"Niliitafuta. Nikasema hata ndoo nasahau ninakoziweka." Aliugeuza uzi upande wa pili. "Uliisuuza ile ya komoni?"

"Mara moja."

"Chini ya ukingo ulipitisha kidole?"

"Hapana."

"Machicha yanakaa hapo." Alisema kama anayemfundisha mtu, kisha sauti ikabadilika. "Jumamosi ile nilisikiliza zote mbili. Zilikuwa zimenyamaza."

"Zilikuwa zimenyamaza, bibi. Ulikuwa sawa. Na pale ufukweni pia ulikuwa sawa."

Nilisubiri anitukane. Nilisubiri hata ule mwiko. Alikuwa ananitazama, na machoni mwake sikuona hasira wala msamaha. Alinitazama kama mtu anayehesabu siku. Halafu akanyoosha mikono.

"Nipe maziwa yangu."

Nilimpa. Aliinama juu ya bakuli, akavuta pumzi kwa pua, akafumba macho, akavuta tena.

"Ni mazima," alisema. "Yatachacha kesho, kabla ya adhuhuri."

Aliliweka bakuli chini taratibu. Alijifunga uzi ule kwenye kidole.

"Jumapili ijayo nitavuka. Nitakaa pale pale pangu. Na wewe utayasema haya kwa Mwenyekiti na kwa yule mama wa juu, mimi nikiwepo."

"Sawa."

"Sijasikia."

"Sawa, bibi."

"Na huko barabarani utasema kwa sauti hiyo?"

"Nitapaza."

"Utapaza." Hakutabasamu. "Sasa nenda. Sikukaribishi chakula leo."

Nilisimama, nikasema kwaheri. Hakuitikia. Nilipofika njiani nilisikia akimwita mjukuu wake kwa sauti ile ya zamani, ile iliyovuka barabara, amletee ulezi uliopo ndani, wote, na gunia, na maji.